Anayekimbia Kabla ya Kupambazuka

Mgongo ndio ulionianzisha. Nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani miaka mingi nikishona sare za shule, na nilipohamia Buteba, upande wa Uganda, kutoka mjini Busia maumivu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye nyonga. Muuguzi wa kituo cha afya akaniambia nitembee kila siku. Nikatembea. Kutembea kukanichosha kwa upole wake, nikaanza kukimbia kidogo kidogo, kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, na baada ya miezi michache mgongo ukanyamaza.

Nilikuwa na rafiki aliyeuza viatu vya mitumba karibu na mpaka. Alikuwa wa upande wa Kenya, kama mimi nilivyozaliwa, ila yeye alivuka asubuhi na kurudi kwao jioni, na mimi nilivuka nikabaki. Alikuwa amekwisha kukimbia marathon mara mbili na hakuiongelea kama jambo kubwa. Siku moja alinitazama nikijaribu raba kwenye kibanda chake, akaniambia, "Wewe unaweza marathon. Hujajua tu."

Nilicheka. Mimi nilikuwa mtu wa kuanza mambo. Nilianza kwaya nikaacha, nilianza kufuga kuku nikaacha, nilianza ndoa nikaachwa. Lakini usiku ule maneno yake yalinikaa kichwani, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimejiandikisha kwa marathon moja inayofanyika kwenye mji ulio safari ya saa kadhaa kutoka mpakani. Nilitaka kuona kama kuna kitu kimoja duniani ninachoweza kukifikisha mwisho.

Mafunzo yangu yalikuja kwa simu. Rafiki yangu alikuwa akinitumia sauti yake asubuhi: leo kimbia polepole, kesho panda kile kilima, keshokutwa pumzika na usinidanganye. Nilipolalamika kwamba siku nyingine sina hamu kabisa, alinijibu, "Usiamke ukajiuliza kama una hamu. Vaa viatu kwanza. Hamu itakukuta njiani." Mara nyingi ilikuwa kweli. Siku nyingine hamu haikunikuta popote, nikarudi nyumbani nimekasirika lakini nimekimbia.

Taabu ilikuwa saa. Wateja wangu walianza kuja mapema, na jua la kwetu likishapanda halikimbiliki. Kwa hiyo nikawa natoka kabla ya kupambazuka, nimejifunga tochi kichwani, ile wanayovaa wachimba dhahabu, nikifuata barabara ya udongo inayopita katikati ya mihogo na mtama.

Nilipanga chumba kwenye boma la mama mmoja mjane, Mteso kwa kabila, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, maneno machache na macho mengi. Asubuhi moja nilirudi nikamkuta amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Wewe nakimbia nani?" akaniuliza.

"Simkimbii mtu, mama. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya mashindano. Ya mbio ndefu."

Akanywa chai yake taratibu. "Na hayo mashindano iko usiku?"

"Hapana, mama. Ni mchana."

"Basi kwa nini wewe najifundisha na giza?"

Nikamweleza habari za wateja na jua. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia, si kama mtu aliyekubali, akaingia ndani. Tangu siku ile nilianza kusikia komeo la mlango wake likifungwa mapema kuliko zamani.

Kwa asiyetoka sehemu zetu, lazima nieleze. Huku mpakani, kwa Wateso, kwa Wasamia, kwa Wajaluo, kuna watu wanaosemwa kuwa wakimbiaji wa usiku. Si wezi wala walevi. Ni watu wa kawaida kabisa mchana, wanalima, wanasali, wanakuazima chumvi, lakini giza likiingia kuna kitu kinawashika, wanatoka kukimbia. Hurusha mawe juu ya mabati, hutikisa milango, na wanaofukuzwa hawakamatiki. Nilikua nikisikia hadithi hizo, na nilipokuwa mkubwa nikaziweka pamoja na mambo mengine ya utotoni. Sikufikiri kwamba siku moja nitavaa kaptura na tochi na kuingia mwenyewe ndani ya hadithi.

Dalili zilikuja moja moja. Kwanza salamu zikawa fupi. Kisha nikakuta majivu yamemwagwa mstari mnyoofu kukata njia yangu, pale inapopinda karibu na mihogo. Nikajiambia ni mtu amemwaga ya jikoni, ingawa jiko lilikuwa mbali. Wiki iliyofuata mahali palepale palikuwa na matawi ya mlimau, yenye miiba, yamepangwa vizuri kama mtu anavyopanga kuni. Miiba haimwagiki yenyewe. Nikayaondoa kwa mikono na kukimbia, lakini nilikimbia nikitazama nyuma.

Kilichoniuma zaidi kilitokea kwenye chumba changu cha kushonea. Mama mmoja alikuja kutaka sare ya binti yake. Binti alikuwa amesimama nje. Nikachukua futi kamba ya kupimia, nikamwita aingie. Mama akanizuia kwa mkono.

"Usimpime yeye, fundi. Nimekuja na sare yake ya zamani. Pima hiyo."

"Lakini amekua. Hiyo imembana."

"Pima tu hiyo, uongeze."

Nilipima ile sare. Yule mtoto alinichungulia kupitia mlangoni, na nilipomtabasamia akajificha nyuma ya ukuta. Walipoondoka nilikaa muda mrefu nikiwa na kamba ya kupimia shingoni, na mguu wangu haukutaka kukanyaga cherehani.

Jioni ile nilimwendea mama mwenye nyumba akichambua maharage, nikamwambia anieleze wanayosema watu. Hakujifanya hajui.

"Mawe naanguka juu ya mabati," akasema. "Kwa yule nauza mandazi. Kwa wale wa kule chini. Tena kwa yule wa kanisa pia. Watu nauliza, nani natembea na giza hapa kwetu? Wanaona taa yako."

"Na wewe, mama, unasemaje?"

Aliendelea kuchambua. "Mimi nasema wewe nalipa nyumba vizuri."

Kuanzia hapo nikaanza na mimi kuwatazama wao. Kama kulikuwa na mtu anarusha mawe, alikuwa mmoja wao, na kama kulikuwa na mtu anaweka miiba, alikuwa mmoja wao pia. Nilimtazama muuza mandazi akinihesabia chenji na nikajiuliza mikono ile imeshika nini jana. Lakini aliyenitia wasiwasi zaidi alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa, mwanamume mrefu mwenye koti zito alilovaa hata siku za joto. Wakati wengine walipunguza salamu, yeye alizidisha.

"Habari za asubuhi, fundi. Leo ulifika mbali?"

Nilijibu kwamba nilifika mbali kiasi. Nilipofika ndani nikajiuliza amejuaje kwamba nilitoka, maana siku ile nilizima tochi nilipopita kwake.

Hapo ndipo mazoezi yalipoanza kunifia. Mwili ulikuwa tayari, hata ulitaka, lakini mkono ulipogusa komeo nilijiuliza nani yuko nje, na anafikiri nini, nikarudi kitandani. Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia naacha. Nilitegemea anicheke au anitie moyo. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kama unaacha kwa sababu ya miguu, acha," alisema. "Kama ni kwa sababu ya midomo ya watu, hiyo haitakwisha hata ukikaa ndani. Watasema unakimbilia wapi usipoonekana. Jumapili nenda Tororo. Kimbia kule Rubongi, karibu na kambi ya jeshi. Askari wanakimbia kila siku, hakuna atakayeshangaa."

Nikaenda. Nilipanda teksi, kama matatu zinavyoitwa huku, hadi Tororo baada ya ibada ya kwanza, nikakimbia nikiona mwamba mkubwa wa mji umekaa juu ya nyumba, nikatoka mpaka Rubongi, kwenye maduka madogo na mashamba, na kweli hakuna aliyenijali. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilikimbia nikisikia pumzi yangu tu. Nilifurahi hata nikageuza na kurudia njia ileile. Nilipopita mara ya pili, askari mmoja aliyekuwa ameketi kivulini karibu na kambi akainuka na kuninyooshea mkono nisimame.

"Wewe umepita hapa muda si mrefu."

"Ndiyo, afande."

"Sasa unapita tena. Unahesabu nini?"

"Kilomita, afande."

Alinitazama viatu, akanitazama uso. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Buteba. Akauliza kama kule Buteba hakuna barabara. Jibu la kweli lilikuwa refu na baya. Mwishowe akaniachia, akaniambia nikihesabu tena nihesabu upande mwingine. Kwenye teksi ya kurudi nilikuwa karibu kulia, kisha nikajikuta nacheka peke yangu, na abiria mwenzangu akasogea kidogo.

Cheko lile lilinisaidia kuliko ushauri wowote. Kama nitashukiwa kila mahali, nikaona, heri nishukiwe karibu na kitanda changu. Jumatatu nilivaa viatu, nikachukua fimbo, nikafungua mlango.

Siku chache baadaye ndipo nilipomwona. Kulikuwa na ukungu mwepesi, na mashariki kulikuwa kumeanza kupauka kidogo tu. Nilikuwa nimevuka ile sehemu ya mihogo, nikaona mtu mbele yangu katikati ya barabara. Hakuwa na taa. Alikuwa akikimbia, si kama mtu anayewahi gari, bali taratibu, kwa vishindo vizito, na nguo pana ikimpigapiga miguuni.

Nilisimama. Mambo yote ya utotoni niliyokuwa nimeyaweka kando yalirudi kwa pamoja. Nikazima tochi. Akili moja iliniambia rudi. Akili nyingine ikaniambia, huyu ndiye, huyu ndiye unayebebeshwa dhambi zake, na ukirudi sasa utambebea maisha yako yote. Nikashika fimbo vizuri, nikamfuata.

Alinisikia. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza. Wanasema hawakamatiki, lakini huyu nilikuwa namfikia, na jinsi nilivyomkaribia ndivyo nilivyomsikia akihema na kukohoa. Alipofika kwenye daraja dogo la mfereji akashindwa, akainama na kushika magoti.

"Kwa jina la Yesu," akasema bila kuinua kichwa, "pita uende zako."

"Pita wewe kwanza," nikamwambia.

Akainua kichwa. Nikawasha tochi. Alikuwa mzee wa kanisa, katika koti lake, na chini ya koti alikuwa na suruali ya kulalia na raba mpya kabisa.

Akajikinga macho kwa mkono. "Fundi," akasema. "Zima taa, tafadhali."

Nikaizima, lakini fimbo sikuiweka chini. "Unafanya nini huku, mzee?"

"Kama wewe."

"Mimi watu wananiita mchawi kwa hilo."

Aliketi kwenye ukingo wa daraja. Akaniambia amepatikana na ugonjwa wa sukari, na daktari wa Tororo amemwambia aufanyishe mwili kazi au atapoteza miguu. Hakuna aliyejua, hata mke wake alijua nusu. Ndugu zake walikuwa wanayatazama mashamba yake kwa muda mrefu, na wakisikia mzee anaumwa wangeanza kuyapima kwa hatua kabla hajalala kitandani. Basi akaona bora atoke gizani, mtu asimwone.

Nilimsikiliza. Maelezo yalikuwa mazuri, yamekamilika kila upande, na labda ndiyo sababu hayakuniingia yote.

"Ile miiba ni wewe?" nikamuuliza.

Jogoo akawika mahali fulani ng'ambo ya mashamba. "Niliona taa inarukaruka peke yake kwenye giza," akasema. "Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Na ulipojua kwamba taa ni mimi?"

"Watu walikuwa wameshaanza kusema, fundi. Nikawaacha waseme."

Nilielewa. Wakati wakinitazama mimi, hawakumtazama yeye. Alisema samahani, kwa sauti ndogo, akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia nitafikiri, nikaendelea na kilomita zangu, na asubuhi ile nilikimbia kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia tena.

Sikumwambia mtu. Sijui kama ni wema. Nadhani niliona hakuna atakayeniamini. Tukawa tunapishana kabla ya kupambazuka, yeye akirudi mimi nikitoka, bila salamu. Nilianza kuamka bila kujibembeleza, kwa kuwa nilitaka kuona kama yuko. Siku nikimkosa nilikosa raha, nikitafuta kwa macho amejificha wapi. Hicho ndicho kilichonitoa kitandani miezi ile ya mwisho, na nilipomweleza rafiki yangu alisema hamu ni hamu, usiiulize kabila.

Marathon yenyewe sitaieleza sana. Nilikimbia nusu ya kwanza nikiwa na furaha ya kijinga, na katika nusu ya pili nilianza kushuku kila kitu: goti, maji waliyokuwa wakitupa, vibao vya kilomita ambavyo niliamini kabisa mtu amevisogeza. Nilitembea sehemu kubwa ya mwisho. Kulikuwa na mzee mmoja mbele yangu aliyetembea kwa kuchechemea, na hata yeye sikumpita. Lakini nilivuka mstari. Rafiki yangu alikuwa amefika zamani, amebadilisha nguo, ananisubiri na soda iliyokwisha kupoteza ubaridi. Akanishika mabega akasema, "Sasa umemaliza kitu." Nikakaa chini pale pale barabarani nikalia. Usiku ule tulilala mjini, kwa dada yake.

Niliporudi Buteba, nikishuka kutoka kwenye pikipiki mguu mmoja mmoja, mama mwenye nyumba alikuwa ameniandalia kiti uani. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Usiku ulipokuwa hapana hapa," akaniambia, "mawe imeanguka tena. Kwa muuza mandazi. Mingi."

Nikaketi. Kesho yake asubuhi walikuja wateja wawili kabla sijafungua vizuri, na yule mama wa sare akamleta binti yake, akamsukuma mbele yangu nimpime mabega. Hakuna aliyesema nilionewa. Walinirudia tu, kama watu wanavyorudi dukani baada ya mvua.

Ila macho yaliyoniacha mimi hayakwenda kulala. Mtu alikuwa ameona raba za mzee wa kanisa zikiwa na tope asubuhi ambayo hakwenda shambani. Mwingine alikuwa amemwona akitokea kwenye mihogo. Ndugu zake, nilisikia, ndio walioongea zaidi. Vijana wakaanza kusema watamsubiri njiani na marungu. Mwenyekiti wa kijiji akaogopa damu, akaita watu Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule, na mzee akasimamishwa mbele aeleze anakwenda wapi na giza.

Alisimama na koti lake na hakusema neno. Nilijua kwa nini. Kaka zake wawili walikuwa wameketi mbele kabisa, wameegemeza mikono magotini, wanasubiri. Akisema ni ugonjwa, amewapa mashamba. Asiposema, amewapa vijana sababu ya marungu yao. Mara moja tu alinitazama, kisha akatazama chini.

Nilikuwa na haki ya kunyamaza. Yeye alininyamazia miezi mingi. Na kusema kweli, sikuwa na hakika naye: nilijua alikimbia, nilijua alichoniambia, lakini mawe yale yalikuwa ya nani sikujua. Hata hivyo nikajikuta nimesimama.

"Huyu mzee nakimbia naye," nikasema. "Mimi ndiye ninayemfundisha. Anajiandaa kwa marathon."

Watu walicheka. Walicheka kwa muda mrefu, hata mwenyekiti, hata vijana, na kicheko kile kilivunja kitu kilichokuwa kimekaza pale uwanjani. Kaka yake mmoja hakucheka. Akaniuliza, "Marathon, na umri huu?"

"Anakimbia kukushinda wewe," nikamjibu.

Mwenyekiti akasema kama ni hivyo basi tukimbie na taa, sote wawili, ili watu walale. Kikao kikaisha. Tukirudi nyumbani mama mwenye nyumba alitembea kando yangu mpaka karibu na boma, ndipo akasema, "Wewe nasema uongo. Lakini uongo muzuri."

"Unafikiri mawe ni yake, mama?"

"Mimi nafikiri usiku ni refu," akajibu, akafungua mlango wake.

Kwa hiyo sasa ninaye mwanafunzi, na lazima akimbie kweli, maana kijiji kizima kinamngoja. Amekonda, koti ameliacha, na sukari yake anasema imeshuka. Mawe hayajaanguka tena, na hilo nalo linaweza kuelezwa kwa njia mbili. Alfajiri ananigongea dirisha, ananiita, "Fundi, twende," kwa sauti ya mtu mwenye dhamiri safi. Tunatoka na tochi zetu. Njia inatosha watu wawili sambamba, na mara nyingi ananisubiri nifike kando yake tuongee. Mimi humwambia atangulie, nitamkuta, na tochi yangu haitoki mgongoni mwake.